Unguja, Pemba au Mafia: Kupanga Mbizi kwa Joto la Maji na Saa ya Ndege

Wengi wanaoniuliza wakapige mbizi wapi huanza na jina la kisiwa. Mimi huwarudisha nyuma kwa maswali mawili: unakwenda mwezi gani, na ndege ya kurudi inaondoka saa ngapi? Ukishayajibu hayo, kuchagua kati ya Unguja, Pemba na Mafia huwa kazi nyepesi. Usipoyajibu, utajikuta Agosti unatetemeka na suti nyembamba ya kuzamia, au umelipia mbizi ya mwisho ambayo huwezi kuipiga kwa sababu ndege ni asubuhi.

Nimepiga mbizi visiwa vyote vitatu, na vyote navipenda. Nitavipima kwa mizani moja, kisha niseme kila kimoja kinamfaa nani.

Vipimo kwanza

*Joto la maji.* Visiwa hivi viko kwenye bahari moja na mkondo mmoja, kwa hiyo ukilinganisha Pemba na Mafia siku ileile, tofauti ya joto ni ndogo mno kuwa sababu ya kuchagua. Tofauti iko kwenye miezi. Kuanzia Januari hadi Aprili maji huwa nyuzi 28 hadi 30. Agosti na Septemba hushuka hadi 25 hivi, na ukienda chini zaidi unaweza kukuta pungufu ya hapo. Nyuzi nne au tano zinaonekana kidogo ukizisoma, lakini maji hunyonya joto la mwili zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Mbizi ya kwanza ya Agosti utasema mbona safi. Ya pili utaanza kukunja mikono kifuani. Ya tatu hutamani hata kuangalia kasa, unamtafuta kiongozi akupe ishara ya kupanda.

Kwa hesabu yangu, suti ya milimita 3 inatosha Novemba hadi Mei. Julai hadi Septemba chukua ya milimita 5, na kama wewe ni mwembamba ongeza kofia ya kuzamia. Ukiazima vifaa, uliza mapema kama wana suti nene ya saizi yako, maana vituo vingi vya mbizi vina rundo la milimita 3 na chache za 5.

*Upepo.* Huu nauweka juu ya joto. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, kusi kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba. Katikati kuna tanga mbili, siku za maleleji, bahari inapotulia kama maji ya karai. Mwamba ulio mbele ya upepo hauendeki hata kama maji yana joto la kuoga. Basi swali la kuuliza ni hili: mwezi ninaokwenda, miamba ninayoitaka iko upande gani wa upepo?

*Saa za kukaa nchi kavu kabla ya kuruka.* Ukiwa chini unavuta hewa yenye mgandamizo, na nitrojeni huyeyuka ndani ya damu na nyama za mwili. Ukipanda juu inatoka polepole. Ndani ya ndege kubwa hewa huwa nyepesi kama ya mlima unaoweza kufika mita 2,400, na nitrojeni iliyobaki inaweza kutoa mapovu mwilini. Miongozo iliyotokana na warsha ya mwaka 2002 ya shirika la Divers Alert Network inasema hivi: mbizi moja ya kawaida, subiri angalau saa 12, mbizi nyingi kwa siku au siku kadhaa mfululizo, angalau saa 18, mbizi zilizohitaji kusimama kwa lazima njiani wakati wa kupanda ili gesi itoke mwilini, zaidi sana ya 18. Mimi binafsi naacha siku nzima, saa 24, wala sijawahi kuijutia.

*Siku ya mwisho.* Kwa kuwa siku hiyo huzamii, kisiwa kina nini cha kukupa bila mtungi wa hewa mgongoni?

Kuna jambo moja linalowapita wengi: baridi na ndege si habari mbili. Mwili ukipoa mwishoni mwa mbizi, damu inakimbia mikono na miguu kulinda kiwiliwili, na nitrojeni iliyoingia huko wakati ungali na joto inachelewa kutoka. Mtu aliyetoka majini akitetemeka amebeba mzigo mkubwa kuliko mwenzake aliyevaa vizuri, hata kama kompyuta zao za mkononi, zile zinazohesabu kina na muda wa mbizi, zinaonyesha dakika zilezile. Kwa hiyo suti nene ya Agosti haikupi starehe tu. Ni sehemu ya mpango wako wa ndege.

Unguja

*Maji na upepo.* Wengi huzamia kaskazini na kaskazini mashariki, wakitokea Nungwi, Kendwa au Matemwe kwenda kwenye miamba inayozunguka kisiwa cha Mnemba. Kuna miamba ya kina kifupi kama Wattabomi ambayo mwanafunzi ataimudu, na Kichwani kwenye mteremko kwa aliyekwishazoea. Kasa wapo, mikunga wapo, na makundi ya samaki wadogo wa rangi hukufunika uso mzima. Kaskazi ikikaza, Januari na Februari, upande huu huchafuka na safari ya boti inakuwa ya kurushwarushwa. Kusi ikivuma, miamba ya magharibi karibu na Mji Mkongwe, kama Pange na Bawe, hukingwa na kisiwa chenyewe. Ndiyo faida ya Unguja: upande mmoja ukikataa, kuna mwingine, na barabara ya lami inakufikisha kwa gari.

Ubaya wake nausema wazi. Mnemba ina boti nyingi. Siku za msimu utashuka na kukuta vikundi vitatu juu ya tumbawe moja, na mapezi ya wageni yakilipiga. Ukienda, omba boti ya kwanza ya asubuhi.

*Ndege.* Hapa Unguja haina mpinzani. Uwanja wa Abeid Amani Karume hupokea ndege za moja kwa moja kutoka miji ya nje kama Nairobi, Addis Ababa, Doha na Dubai, na Dar es Salaam ni dakika 20 tu angani. Isitoshe, kuna boti za kasi kati ya Mji Mkongwe na Dar, mwendo wa saa mbili hivi. Boti haikupandishi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo saa zako za kusubiri zinaendelea kuhesabika ukiwa umekaa kwenye kiti unatazama mawimbi. Mtu anayeruka kutoka Dar usiku anaweza kuvuka mchana kwa boti bila kupoteza hata dakika moja ya hesabu yake.

Mgeni asiye Mtanzania akumbuke pia kwamba tangu Oktoba 2024 Zanzibar inataka bima ya safari inayokatwa hukohuko. Isome kabla ya kudhani kwamba inagusa ajali za kupiga mbizi. Bima ya mpiga mbizi ni kitu kingine.

*Siku ya mwisho.* Mji Mkongwe, kima punju wa Jozani, jioni Forodhani. Hakuna atakayechoka.

*Inamfaa* anayejifunza kwa mara ya kwanza, familia ambayo baba anazamia na wengine hawataki, na mwenye siku chache.

Pemba

*Maji na upepo.* Kati ya Pemba na bara kuna mlango-bahari wenye kina cha mamia ya mita, na ukuta wa matumbawe unashuka upande wa magharibi mpaka macho yanaishia kwenye buluu. Mara ya kwanza niliposhuka kwenye ukuta karibu na mlango wa Njao nilishika kamba ya boti kwa sekunde kadhaa kabla ya kuiachia, maana chini hakukuwa na chini. Maji yakiwa safi unaona mita 30 na zaidi. Kolekole na mizia hupita kwa mafungu upande wa bahari, na matumbawe laini yanachanua pale mkondo unapopiga.

Mkondo ndio bei ya uzuri huo. Hapa unashushwa, unachukuliwa na maji, boti inakufuata kwa mapovu, unaibukia kwingine. Asiyejua kulinda kina chake bila kushika kitu asije hapa kujifunzia. Kisiwa chenyewe kinakinga miamba ya magharibi dhidi ya kusi, kwa hiyo Julai na Agosti Pemba bado inazamika, japo kwenye mlango-bahari huchafuka na maji ni ya baridi. Kwa maji maangavu ningekwenda tanga mbili ya Oktoba na Novemba, au Februari na Machi kaskazi ikishalegea. Misali, magharibi ya Chake Chake, hifadhi tangu 1998, ni mahali ambapo hata aliye mpya kidogo anaweza kuzamia akiwa na kiongozi makini.

*Ndege.* Ndege ndogo huruka kutoka Unguja nusu saa hivi, na kutoka Dar. Kwa kawaida ni zile za abiria 12 au 13, na mzigo mara nyingi ni kilo 15 kwa mtu, ndani ya begi laini. Regyuleta (kifaa cha kuvutia hewa ya mtungi), jaketi la kuelea, mapezi na suti ya milimita 5 vinakula hizo kilo zote kabla hujaweka kanga ya kujifunika. Suti vaa ya kituo, beba regyuleta, miwani na kompyuta yako.

Ndege hizi huruka chini, na baadhi ya watu husema basi hazihesabiki. Mimi nazihesabu. Rubani akikuta wingu atapanda, na hakuulizi umetoka majini saa ngapi. Tena safari ya Pemba mara nyingi ina ndege mbili: ndogo hadi Unguja au Dar, kisha kubwa. Saa zako zinaishia kwenye ile ya kwanza. Kuna boti pia ya kwenda Mkoani, lakini mkondo wa Nungwi unajulikana kwa ukali wake, na siku za kusi kali sikushauri uitegemee kama una ndege ya kuwahi.

*Siku ya mwisho.* Msitu wa Ngezi kaskazini, popo wakubwa wa Pemba wakiruka magharibi ikiingia, na harufu ya karafuu zilizoanikwa kwenye majamvi kandokando ya barabara ukibahatika kufika wakati wa mavuno. Ni siku ya utulivu. Atakayetafuta muziki na watu ataona imekuwa ndefu.

*Inamfaa* mwenye mbizi kadhaa mkononi, asiyeogopa mkondo, mwenye siku sita au zaidi ili siku moja ya bahari mbaya isimharibie safari.

Mafia

*Maji na upepo.* Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu Mafia ndiyo inayohitaji kupangwa kwa makini kuliko zote, na ikipangwa vizuri inalipa.

Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza nchini Tanzania, na ina ukubwa wa kilomita za mraba 822. Moyo wake kwa mpiga mbizi ni ghuba ya Chole, iliyozungukwa na Chole, Juani na Jibondo. Ghuba ina milango kwenda bahari kuu, na maarufu ni Kinasi. Maji yakijaa, bahari safi inaingia kupitia mlangoni, na chewa hujipanga wakisubiri riziki. Maji yakitoka, yanabeba tope na majani ya ghuba, huoni mbali. Kwa hiyo Mafia hawazamii kwa saa ya ukutani. Wanazamia kwa saa ya maji.

Kusi ikivuma, nje ya ghuba hakuendeki, na mbizi zote zinabaki ndani na mlangoni. Kuanzia Oktoba hadi Machi ndipo boti hutoka kwenda kuta za nje kama Dindini. Mtu akija Julai akiwa na picha za Dindini kichwani, atasikitika bure. Akija kwa ajili ya ghuba, atafurahi, maana ndani kuna utulivu na boti ni chache.

Matumbawe ya hapa yaliumia sana joto la bahari lilipopanda mwaka 1998, kama sehemu nyingi za Bahari ya Hindi. Nyuzi 30 za Machi na Aprili ambazo mpiga mbizi anazifurahia ndizo zinazolitesa tumbawe likawa jeupe. Ukizamia miezi hiyo, angalia mapezi yako mara mbili. Kiumbe kilichochoka hakihitaji na teke.

*Ndege.* Kutoka Dar hadi Kilindoni ni nusu saa na kidogo kwa ndege ndogo. Wanapima begi, na mara nyingine na wewe mwenyewe unapanda kwenye mizani na begi mkononi. Kilo ni zilezile 15. Boti ya Nyamisati hadi Kilindoni ipo, ni nafuu, lakini inakula saa kadhaa za safari na unatakiwa kwanza uwe Nyamisati, Kibiti.

Sasa weka saa ya maji pamoja na saa ya ndege. Pwani yetu siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri. Maana yake mbizi nzuri ya mlangoni inaangukia mchana mpaka alasiri. Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, kujaa kunasogea kwenye saa nne asubuhi, unazamia mapema na mkondo ni mpole.

Hilo lilinikuta Agosti moja. Ilikuwa bamvua, nimevaa suti ya milimita 3 kwa ukaidi tu. Tuliposimama mita 5 kabla ya kuibuka, vidole vilikuwa havishiki kamba vizuri, na kompyuta ilisoma nyuzi 25. Tulipanda botini saa kumi alasiri. Nahodha, mtu mzima wa Jibondo, akanimiminia chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa, akanitazama ninavyoshika kikombe kwa mikono miwili.

"Mwanangu, ndege yako kesho saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi, mzee."

Akahesabu kwa vidole, kumi mpaka kumi, kisha mpaka tatu. "Saa kumi na saba. Hazikutoshi hizo."

Kwenye kioo cha kompyuta kijindege cha kukataza kuruka kilikuwa kinawaka. Nilihamishia safari alasiri, nikalipa nyongeza, nikalala mapema na maji mengi tumboni. Tangu siku hiyo, kabla ya kukata tiketi ya Mafia natazama kalenda ya mwezi, na siku yangu ya mwisho ya kuzamia naiweka kwenye maji mafu.

*Siku ya mwisho.* Hapa Mafia inavishinda visiwa vyote kama umekuja kati ya Oktoba na Machi. Papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, huja kula upande wa Kilindoni, na unamtazama ukielea juu kwa miwani na mrija, bila mtungi. Hakuna nitrojeni inayoongezeka, na uwanja wa ndege uko palepale. Usipige tu mbizi za kushika pumzi kumfuata chini, kwa sababu baada ya siku kadhaa za mtungi hilo nalo lina hatari yake. Kaa juu, naye atapita chini yako, madoa yake meupe yakipita taratibu kama taa za mji unaoruka juu yake usiku.

*Inamfaa* mwenye subira, anayependa samaki kuliko baa, na anayekubali boti iondoke saa isiyo ya kawaida.

Chagua kwa hali yako

Una siku nne tu, au unatoka nje ya nchi kwa ndege ya moja kwa moja: Unguja. Zamia siku mbili za kati, siku ya nne usiguse mtungi.

Likizo yako ni Julai au Agosti na huwezi kuibadilisha: Unguja au Pemba magharibi, na suti ya milimita 5. Mafia pia inawezekana ukiridhika na ghuba. Punguza mbizi ziwe mbili kwa siku.

Oktoba hadi Machi na una juma zima: hapo sipendelei. Anayetaka ukuta na buluu aende Pemba, anayetaka potwe na kuta za nje aende Mafia. Novemba na Machi ukibahatika na tanga mbili, popote utakapokwenda utakuta bahari imelala.

Unaishi Nairobi au Arusha: usidhani kurudi kwa gari au treni kunakuepusha. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, Arusha 1,400. Treni ya kutoka Mombasa inakupandisha urefu huo kwa saa chache. Subiri kama unayeruka. Na wa Kigali, mita 1,500 na ushee, vivyo hivyo. Anayeunga ndege Addis Ababa akumbuke kwamba hata akishuka kusubiri, uwanja wenyewe uko zaidi ya mita 2,300.

Una mpango wa Kilimanjaro, Ngorongoro na bahari katika safari moja: mlima kwanza, mbuga katikati, mbizi mwisho. Ukigeuza mpangilio, weka siku kamili pwani kabla ya kupanda, na kwa Kilimanjaro ongeza nyingine.

Unajifunza kwa mara ya kwanza na unaogopa baridi: Unguja, Februari au mapema Machi kabla masika haijaanza, ukichagua siku kaskazi imelegea.

Na popote uendako, kabla ya kulipa kiulize kituo mambo matatu kwa simu: mtungi wa oksijeni uko botini au ofisini, chemba ya mgandamizo (ya kumtibu aliyepata mapovu mwilini) ya karibu iko wapi na inafanya kazi, na siku yako ya mwisho maji yanajaa saa ngapi.